Huduma ya magereza upande wa wanawake: tunaingia na kwaya, kazi yenyewe iko nje ya geti

Kanga_Moja (mleta uzi)

Wakuu, Kwaresma imeshika kasi na matangazo yameanza: "Jumamosi ijayo tunakwenda gerezani, lete sabuni, lete mafuta ya kupaka." Siyapingi. Nimo humohumo kwa miaka mingi na umoja wa wanawake wa kanisa letu, gereza la mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Silitaji jina, maana tunaingia kwa hisani, na geti likifungwa watakaoumia ni waliomo ndani.

Ninachotaka tujadili ni hiki: huduma hii tumeirithi ikiwa imeshonwa kwa kipimo cha wanaume. Upande wao kuna watu mamia, kwaya inapata wasikilizaji, mhubiri anapata mkutano. Ukivuka ukuta kwenda kwa kina mama unakuta ua mdogo, wanawake wachache, wawili watatu wana watoto mgongoni. Afrika wanawake hawafiki hata asilimia 5 ya waliofungwa, na uchache huo ndio unaowafanya wasahaulike. Gereza lilijengwa kwa ajili ya wengine, wao wakatengewa kona. Na sisi tunafika na ibada ileile, mahubiri yaleyale ya mwana mpotevu, sabuni kipande kwa kila mtu, sala ya kufunga, picha ya pamoja nje ya geti, basi.

Sasa kaa nao kidogo baada ya ibada, usikilize wanachouliza. Wanauliza watoto. "Mama, hamna mtu anayepita Sengerema?" "Mchungaji, kanisani kwenu hakuna wa Ukerewe?" Mwanamume akifungwa, mkewe anakuja na chakula, mama yake anakuja, dada zake wanakuja. Mwanamke akifungwa, mume anakuja mara ya kwanza, anakuja ya pili, ya tatu unasikia ameoa. Watoto wamegawanywa: mkubwa kwa bibi, wa kati kwa shangazi, binti amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Mama yuko ndani, simu hana, ndugu hawana nauli. Sisemi wanaume wote wako hivyo. Namfahamu mmoja aliyekuwa anakuja kwa baiskeli kila siku ya kutembelewa. Lakini namkumbuka kwa sababu alikuwa peke yake.

Kwa hiyo tulianzisha daftari. Baada ya ibada, mama mmoja wa kwetu anakaa na afande anayehusika na ustawi wa wafungwa. Anayetaka anakuja kutaja mtoto wake, kijiji, jina la mwenyekiti wa kitongoji. Tukirudi nyumbani ndipo huduma inapoanza. Tunapiga simu kwa mchungaji wa kule, kwa katekista, kwa mwinjilisti wa mtaa. Hapa ndipo naona kanisa lina mali ambayo asasi yoyote yenye gari na ofisi haina: kijiji kisicho na zahanati wala lami kina kanisa la udongo na mtu anayejua kila nyumba. Siyo lazima awe dhehebu letu. Mara nyingi aliyetusaidia ni kiongozi wa kigango cha Wakatoliki ambaye hatujawahi kuonana naye.

Majibu tunayorudisha ni madogo. Mtoto yuko darasa la nne. Bibi anaumwa miguu lakini anakula. Mbuzi wawili wameuzwa, mmoja amebaki. Unaweza kudhani ni habari za kupiga soga tu, ila mama akizipata unaona anakaa chini, anazirudia moja moja.

Na kuna habari ambazo hupeleki siku ya ibada. Mwaka mmoja tuliambiwa kwamba mtoto mdogo wa mama fulani alifariki na kuzikwa, na hakuna aliyemwambia mama. Tulibishana sana sisi wenyewe. Wengine walisema tumwachie Mungu, atajua akitoka. Wengine walisema ni haki yake. Mwishowe tulizungumza na mkuu wa gereza, akatupa siku ya katikati ya wiki, wakaenda wawili tu, wazee, bila Biblia mkononi na bila kitenge cha sare. Walikaa naye mpaka muda wa kufungiwa. Wiki iliyofuata wakarudi tena, na iliyofuata. Afande wa zamu alituambia wale wengine ndani walimfanyia matanga yao, wakalala naye chini, wakaimba usiku.

Nyie wa mikoa mingine mnafanyaje?

Mpiga_Debe

Mleta mada, unaandika vizuri, ila naomba niulize swali la mtu wa stendi. Hao mnaowapelekea habari za mbuzi, wengine wameua. Mama wa aliyeuawa anapelekewa nini? Naye yuko kijiji hichohicho chenye kanisa la udongo.

Afande_Mstaafu

Nimefanya kazi magereza mpaka kustaafu, niseme machache ya kiutaratibu kwa sababu vikundi vingi vinakwama getini vinalaumu askari.

Barua iende mapema kwa mkuu wa gereza, na pengine atawaelekeza ngazi ya mkoa. Iwe na majina ya wote watakaoingia na namba za vitambulisho. Mkija watu arobaini wakati mliandika kumi, tatizo ni lenu. Simu zote zinabaki nje. Pesa haipewi mfungwa mkononi. Kila kitu kinakaguliwa, hata sabuni inaweza kukatwa, msinune. Viwembe, sindano za kushonea, dawa za hospitali, chupa za vioo, ulizeni kwanza. Chakula kilichopikwa msilete bila kukubaliana. Upande wa wanawake walinzi ni wanawake, na wanaume wa kwaya yenu hawana sababu ya kuzurura kule, hata kama ni wapiga kinanda.

Kuhusu daftari la dada Kanga_Moja, nalikubali nusu. Ujumbe kutoka gerezani siyo kitu cha kuchezea. Mahabusu anaweza kukuambia "mwambie shangazi asisahau yale tuliyoongea", nawe na moyo wako mweupe unaufikisha, kumbe shangazi ni shahidi wa upande wa Jamhuri. Nimeyaona. Barua zote zipitie ofisini, zisomwe. Mlokole anayetoka na karatasi kwenye Biblia anaharibia wenzake wa miaka kumi ijayo.

Kanga_Moja

Afande shikamoo. Umenena. Daftari letu lina mipaka na tuliiweka kwa ushauri wa afande mmoja mwanamke: watoto, wazazi, ugonjwa, shamba. Habari za kesi hapana. Anasema mbele ya afande, tunaandika mbele ya afande, na nakala inabaki kule.

Mpiga_Debe, swali lako sijalikimbia, narudi kwalo.

Mtoka_Ndani

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Nilikaa mahabusu miaka kwa kesi ya mauaji, mwishowe ikaondolewa mahakamani. Niliingia na mimba. Nilijifungua nikiwa mahabusu.

Dada, ni kweli tulikuwa tunauliza watoto. Lakini usidharau sabuni. Sabuni ukiwa nje ni sabuni, ukiwa ndani unafua nepi na inabaki, unampa mwenzako anakupa sukari yake. Na semeni wazi kuhusu pedi na nguo za ndani. Vikundi vinaona aibu kuandika "chupi" kwenye barua ya maombi, vinaleta kanda za mahubiri. Tulikuwa tunachana khanga. Mama mmoja Mkatoliki, mzee kabisa, ndiye alikuwa analeta nguo za ndani mpya, anazipanga kwa saizi, anazikabidhi kwa afande bila hotuba yoyote. Simjui hata jina. Yule ndiye ninayemwombea.

Jambo lililoniumiza ni ushuhuda. Wageni wanakuja, mhubiri anasema, "Nani ana ushuhuda? Nani yuko tayari kumwambia Bwana alichokifanya?" Ukikaa kimya unaonekana una moyo mgumu. Wapo walioinuka wakasema mambo, wengine ya kweli, wengine ya kutungia wageni machozi. Mimi nilikuwa nasema sikufanya, na mhubiri mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba toba huanza na kukiri. Sikwenda tena ibadani kwa muda mrefu. Mungu nilikuwa naye kwenye sakafu yangu.

Mwanangu alitoka akiwa anatembea vizuri. Tulipofika kwa mama yangu, mgambo wa kijiji alipita na sare yake. Mtoto akachuchumaa chini akashika kichwa, kama tunavyohesabiwa asubuhi. Hakuna aliyemfundisha.

Msaidizi_wa_Sheria

Mtoka_Ndani, pole sana, na asante. Naomba kila mchungaji anayesoma asimame kwenye aya ile ya ushuhuda.

Mahabusu ni mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa. Ukimsimamisha mbele ya watu thelathini na askari, aeleze alichofanya, umewatengeneza mashahidi thelathini. Maneno yake yanaweza kurudi mahakamani. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: usimuulize kwa nini yuko ndani. Akitaka kutubu, kuna kona na kuna mchungaji mmoja.

La pili. Wanawake wengi ninaokutana nao wako ndani kwa mambo haya: kupika gongo, wizi ambao mara nyingi ni dada wa kazi na bosi wake, ugomvi na mke mwenza, binti aliyejifungua peke yake na mtoto akafa au akatupwa, dawa za kulevya alizobebeshwa na mwanamume, na mauaji, mara nyingi ya mume baada ya miaka ya kipigo. Kesi za mauaji hazina dhamana. Zinatajwa kila baada ya wiki mbili, karandinga linakuja, anakwenda, "upelelezi haujakamilika", anarudi. Ukikamilika anasubiri kikao cha Mahakama Kuu. Hapo kanisa haliwezi kulipa kitu, ila linaweza kumtafutia wakili na kuhakikisha jina lake halipotei. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua wasaidizi wa kisheria na huduma yetu inafika hadi magerezani. Mkija, njooni na mmoja wetu. Hatuimbi vizuri lakini tunajua kusoma hati ya mashtaka.

Makosa madogo ndiyo yanayoniudhi. Hakimu amesema faini au miezi sita. Faini hana, anatumikia. Faini inalipika hata kama mtu ameshaanza kifungo: unakwenda mahakama iliyomhukumu, unapewa kontroo namba, unalipa, hati inapelekwa gerezani. Kiasi chenyewe nimeona kikundi kimekitumia kwa keki ya kumuaga katibu.

Dhamana ni hivyohivyo. Amepewa masharti ya wadhamini wawili wenye barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, na hana mtu mjini. Anakaa ndani kwa kukosa watu wawili.

Mzee_wa_Hoja

Hapo kwenye udhamini mniache. Kanisa letu lilimdhamini mama, akatoroka, wazee wawili wakaitwa mahakamani kueleza. Mmoja hadi leo haji vikao.

Msaidizi_wa_Sheria

Mzee wangu, ndiyo maana nasema msidhamini kwa huruma ya Jumapili. Mdhamini anatakiwa ajue anapoishi, ajue ndugu zake, na ampeleke mahakamani tarehe ikifika. Asiyeweza hilo alipe faini za waliohukumiwa, huko hakuna wa kutoroka.

Ummu_Salma

Assalaam alaykum na bwana asifiwe. Mimi ni Muislamu, niko na kina mama wa msikiti wetu, tunapeleka tende na futari Ramadhani. Kwetu nako wafungwa wametajwa: Qur'ani, Sura ya 76, inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa. Kwa hiyo tuko shughuli moja.

Nina ombi kwa ndugu zetu Wakristo. Msigawe sabuni kwa waliokaa ibadani tu. Nimewakuta dada zetu Waislamu wameimba mapambio yote na kunyoosha mikono kwa sababu mgao unatolewa mwishoni na unafuata orodha ya waliohudhuria. Mnahesabu waongofu, mwenzenu alikuwa anahesabu nepi. Wakabidhini afande wa ustawi, agawe kwa wote.

Mtoka_Ndani

Dada Ummu Salma, hilo lipo sana 😂 Na Wakristo nao walikuwa wanakula tende zenu bila swali. Mwezi wa Ramadhani tulikuwa tunanenepa wote.

Lang'ata_Road

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu watoto wanaruhusiwa kukaa na mama mpaka miaka minne, baada ya hapo lazima atoke, awe na mtu wa kumchukua au aende kwa makao ya watoto. Hiyo siku ya mtoto kutoka ndiyo kanisa linafaa kuwa hapo, na kwa kawaida hakuna mtu.

Mtafuteni Teresa Njoroge msikie anavyoeleza. Alikuwa anafanya kazi ya benki, akafungwa mwaka mmoja gereza la wanawake la Lang'ata, hapa Nairobi, mwaka 2011 na mtoto wake wa miezi mitatu. Ndani akakuta wengi ni wanawake maskini wa makosa madogo ambao hawakuwa na pesa ya faini ama dhamana. Alipotoka akaanzisha Clean Start, ya kuwasaidia waliotoka. Siyo kusaidia walio ndani tu, ni waliotoka. Kwa sababu hapo ndipo wanarudi tena.

Mwalimu_Jioni

Na Uganda kuna Susan Kigula, alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002. Yeye na wenzake zaidi ya 400 wa kunyongwa walifungua kesi ya kikatiba, na Mahakama ya Juu mwaka 2009 ikasema hukumu ya kifo isiwe ya lazima, jaji apime kila kesi. Akiwa gereza la Luzira, Kampala, alisoma sheria kwa njia ya posta, Chuo Kikuu cha London, akatoka Januari 2016. Nasema hivi kwa sababu nikipendekeza tupeleke daftari na vitabu vya kidato cha pili gerezani naambiwa "hao wanahitaji Neno." Wanaweza kuhitaji Neno na hesabu pia. Na ndani muda upo.

Mzee_wa_Hoja

Wanangu, mnachokijadili siyo kipya. Elizabeth Fry, Mkristo wa dhehebu la Wakwekari (Quaker) wa Uingereza, alipoingia gereza la Newgate mwaka 1813 alikuta wanawake na watoto wamejazana kwenye majani, na kitu cha kwanza alichopeleka ni nguo za watoto wachanga. Baadaye ikaja shule, ikaja cherehani ya mkono, kwa maana ya sindano na uzi. Waliokuwa wanasafirishwa kwa meli kwenda Australia walipewa kila mmoja mfuko wa vipande vya vitambaa na nyuzi, washone njiani wauze wakifika. Biblia ilisomwa, tena kila siku. Lakini hakuitanguliza mbele ya nguo za mtoto.

Pamoja na hayo, mimi ninayo shaka. Pedi ni jukumu la serikali. Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2010, zinasema taulo za kike zitolewe bure kwa wafungwa wanawake. Kila tunapopeleka, tunamwondolea mwenye jukumu aibu yake.

Mtoka_Ndani

Mzee, uko sahihi kabisa. Wakati unaandika barua ya kudai, lete na pedi.

Kanga_Moja

Nimerudi, na nianze na Mpiga_Debe.

Ulichouliza ndicho kilichotufanya tuache kwenda vijijini tukiwa tumevaa sare. Kijiji kimoja tulifika kumtafuta mtoto wa mfungwa, tukapita mbele ya nyumba ya marehemu bila kusalimia kwa sababu hatukujua. Mama wa marehemu alitufuata njiani, akasema, "Nyie ndio mnaompelekea sabuni?" Hakuwa anagomba. Sasa utaratibu ni kwamba kabla ya kutafuta mtoto tunamuuliza mchungaji wa kule kama kuna nyumba yenye msiba wa kesi hiyo, na tukienda tunaanzia pale. Hatuombi msamaha kwa niaba ya mtu, maana hatujatumwa na hatuna haki hiyo. Tunasalimia, tunakaa, tukipewa maji tunakunywa. Nyumba nyingine wametufukuza na tukaondoka.

Majirani zetu wa Rwanda wamekwenda mbali kuliko sisi. Prison Fellowship ya kule, shirika la Kikristo la huduma ya magereza, ilijenga vijiji vya maridhiano, kama Mbyo kule Bugesera, ambako waliotumikia vifungo vya mauaji ya kimbari na walionusurika wanakaa nyumba jirani. Wapo wanaowasifu, wapo wanaosema walionusurika walikubali kwa sababu walihitaji nyumba. Labda yote mawili ni kweli. Sisi hata mazungumzo hatujaanza.

Sasa siku ya kutoka. Kila 26 Aprili na 9 Desemba kunakuwa na uwezekano wa msamaha wa Rais, na mara nyingi wamo wajawazito na wanaonyonyesha. Mwaka 2019, siku ya Uhuru, Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mkupuo. Wanawake wanajikuta nje ya geti asubuhi, mfuko mkononi, mtoto mgongoni, na kwao hakuna aliyejulishwa. Kanisa linajua tarehe hizo mwaka mzima, lakini siku ya Uhuru tuko kwenye mashindano ya kwaya.

Na akifika kwao anakutana na sisi tena. Namzungumzia mama aliyebatizwa gerezani, na kikundi kikashangilia sana. Alipofika kijijini, kanisa lilelile, dhehebu lilelile, likamwambia akae viti vya nyuma kwanza, ametengwa, mpaka atakaporudishwa kundini mbele ya usharika. Yaani ndani alikuwa dada katika Kristo, nje akawa kesi ya baraza la wazee. Nilimpigia mchungaji wake, akasema ndio utaratibu. Nikamuuliza kama utaratibu huo ulimtenga pia yule mume aliyeoa mke wa pili mwenzake akiwa mahabusu. Akasema mtandao unasumbua.

Afande_Mstaafu

😂😂 Mtandao wa kule unajua wa kumsumbua.

Niongeze moja. Wakati wa msamaha, msisubiri orodha. Ulizeni mapema nani amebakiza muda mfupi na hana ndugu anayemjua. Ofisi haiwezi kuwapa faili la mtu, lakini mfungwa mwenyewe anajua tarehe yake kuliko anavyojua siku aliyozaliwa.

Mpiga_Debe

Kanga_Moja nimekuelewa. Nina basi la kwenda Sengerema na la kwenda Geita, mie ni dalali tu lakini madereva ni wangu. Mama akitoka na mtoto na hana nauli, mnipigie, nitamkalisha kiti cha mbele. Msilete kwaya.

Mwalimu_Jioni

Kanga_Moja, hilo daftari lina safu gani? Nataka tulianzishe huku kwetu kabla ya Pasaka.

Kanga_Moja

Jina la mama analotaka tutumie. Jina la mtoto na umri wake siku mama alipoingia. Kijiji, kitongoji, jina la mwenyekiti au katekista. Nani alikuwa anamlea mara ya mwisho. Tarehe tuliyopiga simu. Jibu, kwa maneno ya aliyejibu. Tarehe tuliyomrudishia mama, na jina la afande aliyekuwepo. Kosa lake hatuandiki. Acha safu ya mwisho pana, maana akishapata jibu la kwanza anakuwa na maswali mengine. Barua ipeleke wiki hii hii, wiki ya Pasaka kila kwaya itakuwa getini.